Gari la Kumzikia Mama

Kijana, ukiletewa gari kuukuu na mwenyewe akakwambia anataka liongezewe nguvu, usikimbilie spana. Muulize kwanza anataka kubeba nini. Mbao zina chuma chake, ndizi zina chuma chake, na watu vilevile. Mimi nimetengeneza magari hapa Tukuyu mpaka magoti yakagoma kuniingiza chini ya gari, na swali hilo limeniokoa mara nyingi. Ila siku moja lilinipa jibu nisilojua niliweke wapi.

Aliyenijibu ni Ambakisye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ibighi. Ni mzee wa kanisa, mtu wa suti Jumapili na wa maneno machache siku zilizobaki. Alikuja gereji kwangu Bulyaga na Landrova ndefu ya zamani, kijani iliyopauka, ikitoa sauti tatu kwa wakati mmoja. Akasema anataka vyuma vipya vyenye nguvu kuanzia giaboksi mpaka kwenye magurudumu, na mbele afungiwe winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya, gari lijitoe lenyewe kwenye tope.

"Utabeba nini?" nikamuuliza.

"Mama."

"Mama anaumwa?"

"Hapana. Yuko shambani analima maharage."

"Sasa?"

"Siku atakapokufa, fundi. Nataka gari limfikishe nyumbani."

Nilifuta mikono, ingawa ilikuwa safi.

Ili umwelewe Ambakisye, lazima ujue habari za baba yake. Mzee alifia hospitali katikati ya masika. Kwao ni juu, upande wa mlima, na njia ya kwenda huko hushuka kwanza mtoni halafu ndiyo ipande. Lori lililobeba jeneza likakwama mbali na mto. Wanaume wakalitwaa jeneza begani, kama ilivyo kawaida, na kwenye ule mteremko wa mtoni wabebaji wa mbele wakateleza. Jeneza likashuka lenyewe mpaka kwenye shamba la magimbi. Halikufunguka, namshukuru Mungu. Kwaya ilikuwa nyuma, haikuona, ikaendelea na ubeti wa pili. Wapo watu ambao hadi leo wakisimulia msiba ule hushindwa kujizuia wakacheka, na Ambakisye anawajua wote kwa majina. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliokuwa mbele. Baadaye mama yake alihamia kwake Ibighi, na tangu hapo kila mvua iliponyesha Ambakisye alikuwa akiufikiria mteremko ule. Na Tukuyu mvua hainyeshi kwa kubembelezwa.

Kwa hiyo nikalipokea lile gari.

Sasa sikilizeni, wewe na wenzako, hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Ambakisye alikuwa ameshaanza kazi mwenyewe kabla ya kuja kwangu. Alifunga matairi makubwa, yale ya meno, kwa sababu yanapendeza. Tairi kubwa linashika tope vizuri, sikatai, lakini pia linapinda ekseli, chuma kinachozungusha gurudumu, kwa nguvu ambayo ekseli haikutengenezewa. Ekseli ya nyuma ikakatika akiwa anatoka kanisani. Akanunua ngumu zaidi kutoka Mbeya, akafunga. Wiki hiyo hiyo krosi za propela, vile viungo vya mhimili unaopeleka mzunguko nyuma, zikasagika, maana zile ekseli mpya zilikataa kukatika. Ndipo akaja.

Mwalimu wangu Fundi Shabani, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, alikuwa akisema, "Nguvu haifi, inahamia kwa mnyonge." Ukiimarisha chuma kimoja, nenda kamwangalie jirani yake. Ukimaliza huyo, mwangalie jirani wa jirani. Kuongeza nguvu ya gari ni kazi ya kutoka mwanzo hadi mwisho: klachi, giaboksi, krosi, difu, ekseli, beringi za magurudumu. Ukiruka nyumba moja, msiba utakuwa hapo.

Huyu Shabani alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Hakufungua difu, lile boma la gia katikati ya magurudumu, mpaka amefagia sakafu, ametandika kitambaa safi, na amefukuza kila mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Oili ya difu aliimwaga kwenye beseni jeupe la mkewe, akalipeleka juani na kulitikisa polepole. Vumbi la chuma laini kama unga, alisema ni uzee, hauna dawa. Ukiona vipande vya kushikika kwa vidole, kuna jino limevunjika ndani, usifunge tena mpaka ulipate. Nilijifunza mengi kwenye yale mabeseni. Mkewe alikuwa akinunua mapya bila kuuliza ya zamani yako wapi, na sijapata kuona ndoa yenye amani kama ile.

Ninyi leo mnachomeka waya kwenye gari, simu inawaambia ugonjwa. Sina ugomvi na simu. Lakini Landrova ile ukiichomeka waya unaichoma moto tu.

Nikaishusha yote. Nikakuta Ambakisye amenunua pia difu ya nyuma, nzito, iliyotoka kwenye gari la mbao, na duka lilimhakikishia kwamba itaingia. Iliingia kweli. Kuingia si kazi, hata mwizi huingia. Tatizo ni kwamba difu ile ilizungusha magurudumu polepole kuliko ya mbele. Ukiendesha kwa magurudumu yote manne kwenye lami, mbele inataka kutangulia na nyuma inataka kubaki, na katikati yao kuna vyuma vinavyolipia ugomvi usiovihusu. Namna ya kujua ni rahisi. Nyanyua gari kwa jeki, weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, zungusha tairi kwa mkono, halafu hesabu propela imezunguka mara ngapi. Fanya hivyo nyuma, fanya na mbele, kwa namna ileile. Zisipolingana, rudisha ulichonunua. Ambakisye alirudisha, akarudi na mbili zilizofanana, na kwa mara ya kwanza alinisikiliza bila kutazama saa.

Jumamosi moja nilikuwa chini ya gari nikikaza boliti za propela. Nikaona miguu ya bibi imevaa raba za mvua, na mbele yake ncha ya mwavuli.

"Ndilo hili la kunizikia?" sauti ikauliza.

Nilibaki chini. Kuna maswali ambayo fundi si mtu wa kuyajibu.

"Mama, nani kakwambia?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ambakisye.

"Kanisa zima linajua. Wewe unafikiri wamama tunaimba tu." Akalizunguka gari, akigonga tairi kwa mwavuli. "Na maiti anakaa wapi?"

"Nyuma, Mama."

"Nyuma hakuna dirisha."

"Mama, sasa maiti..."

"Najua maiti. Nimewaosha wengi kuliko wewe ulivyouza misumari." Akafungua mlango wa mbele, akapanda kwa kusaidiwa na mkono wa mlango na maneno ya Kinyakyusa ambayo sitayarudia. Bibi Subilaga, ndilo jina lake, alikuwa na nyonga mbaya. Alikaa pale, akatazama barabara kupitia kioo kana kwamba gari linakwenda.

"Ambakisye," akasema. "Tusekile dada yangu yuko Masoko. Macho yake yanaisha. Ninakuomba unipeleke, unasema nyumba yao iko bondeni, njia mbaya, gari halifiki. Bodaboda nilipanda, ikaniweka kwenye migomba. Nikanyamaza. Sasa nauliza. Njia ni mbaya kwa mtu aliye hai tu, ila kwa maiti inapitika?"

Nilikuwa nimekaza boliti ile kupita kiasi, ikabidi niilegeze tena.

"Nataka anione," Bibi Subilaga akasema. "Mimi nitamwona hata akiwa kipofu. Yeye ndiye hataniona. Linakuwa tayari lini?"

Ambakisye alikuja kuchuchumaa karibu na kichwa changu, bila kujali oili iliyomwagika. "Fundi," akanong'ona, "linakuwa tayari lini?"

Hapo kazi ikabadilika. Tangu aliponiletea gari, tulikuwa tukilitengeneza kwa siku isiyojulikana, na siku ya namna hiyo haina haraka. Sasa kulikuwa na macho ya mtu yanayofifia huko Masoko, na kila asubuhi Ambakisye alikuwa akisimama mlangoni mwa gereji kabla sijafungua.

Haraka hiyo ndiyo iliyozaa mambo ya winchi. Nilimwambia winchi haifungwi kwenye bampa, inafungwa kwenye chesi, yaani fremu ya gari lenyewe, kwa sahani nene ya chuma na boliti zinazopenya upande hadi upande. Sahani ilikuwa bado haijakatwa. Ambakisye hakungoja, akaipeleka winchi kwa mchomeleaji mmoja, naye akaichomelea kwenye bampa mchana mmoja, ikapendeza kabisa. Tukaenda kuijaribu kwenye kilima nje ya mji. Tukafunga waya kwenye mti mkubwa, akabonyeza kitufe, winchi ikaanza kuvuta kwa sauti nzuri. Ikafika kwenye mti salama, ikiwa na bampa. Gari lilibaki lilipokuwa.

Ambakisye alitazama mti, akatazama gari. "Kumbe ina nguvu," akasema.

Tuliifunga upya kwenye chesi. Na kwa kuwa tuko hapo, chukueni haya. Waya wa winchi usiuzungushie mti moja kwa moja, utaukata mti na utajikata wenyewe. Tumia mkanda mpana. Acha mizunguko kadhaa kwenye pipa la winchi, pale waya unapojiviringisha, usiufungue wote. Vaa glavu za ngozi. Tupa gunia lenye udongo katikati ya waya kabla ya kuvuta, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka kichwani mwa mtu. Injini iendelee kunguruma, la sivyo betri itakufa kabla ya tope. Na mtu asiruke waya uliokazwa, hata kama anawahi ibada. Nilimwona mmoja aliyeuruka. Alipona, lakini suruali haikupona.

Tuliondoka kwenda Masoko siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Ambakisye aliendesha, mama yake mbele akiwa na chupa ya maziwa ya mtindi mapajani, mimi nyuma pasipo dirisha. Kwenye barabara kubwa hakukuwa na shida. Tulipoiacha na kuanza kushuka kuelekea bondeni, Bibi Subilaga akaanza kututajia kila nyumba ni ya nani na ameoa wapi, mpaka gari likazama ubavu mmoja, likatulia.

Nikasema tutafute mti. Ambakisye akatazama kulia, akatazama kushoto, kote ni migomba mpaka macho yanapoishia. Ninyi mnajua sisi na migomba. Tumezaliwa chini yake, tunakula kwake, tunaezeka kwake, tunalala kwenye kivuli chake. Mtu wa huku kwetu Rungwe anauamini mgomba kuliko serikali. Akachukua mkanda, akauzungushia shina la migomba iliyobanana, mikubwa, ya miaka. Nikamwambia hapana. Akasema, "Fundi, hii ilipandwa kabla mimi sijazaliwa."

Watu walikuwa wameshajaa. Kwetu gari halikwami peke yake. Kila aliyepita aliweka jembe chini akatoa ushauri. Bibi Subilaga tulimshusha akasimama mbali na mwavuli wake. Ambakisye akabonyeza. Shina lote likang'oka na mizizi, likaja kwetu taratibu likiburuta tope, na mkungu ukiwa juu yake, mpaka likasimama mbele ya taa za gari.

"Mgomba unaangushwa na upepo," Bibi Subilaga akasema, "wewe unautaka ushike gari?"

Mwenye migomba alikuwa mmoja wa wale washauri. Mzee mfupi, kimya. Ambakisye alimgeukia akiwa na tope hadi kiunoni, na nikadhani tutachelewa hapo mpaka jioni. Lakini mama yake akatangulia. Akamsalimia kwa Kinyakyusa, salamu kamili, ya kuulizia nyumba na ng'ombe na waliofiwa, bila kukimbia hata neno moja, ingawa mvua ilikuwa ikimwagika. Akamweleza anakwenda kwa nani na kwa nini. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Tusekile?" akasema. "Jana aliniamkia akidhani mimi ni mke wangu. Twendeni, nyuma ya zizi langu kuna mparachichi. Ule unashika."

Ulikuwa mbali kuliko waya wetu. Yule mzee akaleta mnyororo aliokuwa akifungia dume lake, tukaunga. Nikatupa gunia juu ya waya, nikafukuza watu, wakarudi, nikawafukuza tena. Ambakisye akashika kitufe. Waya ukakaza, mnyororo ukalia, na magurudumu yale makubwa yakaanza kupanda nje ya tope, polepole, vyuma vyote vikifanya kazi kwa pamoja, hakuna mnyonge. Watu wakashangilia. Bibi Subilaga akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa mwenye mti, akapanda mahali pake mbele. Hakututazama.

Bibi Tusekile alikuwa amekaa kibarazani akimenya maharage kwa kupapasa. Alisikia injini, akauliza ni lori la nani limepotea. Mdogo wake akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Bibi Tusekile akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule. Ilimchukua muda.

"Subilaga," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Afadhali umeona," mwenzake akamjibu. "Ningekuja mwakani ungesema bado mzuri."

Wakaanza kucheka, halafu haikuwa kucheka tena. Mimi nilikwenda kukagua matairi, ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Nikamkuta Ambakisye amefika kabla yangu, ameegemea winchi, analia kama mtoto. Nikamwachia winchi, nikakagua matairi ya nyuma.

Tangu siku hiyo gari likawa la Masoko. Kila walipokwenda, Bibi Subilaga alidai winchi itumike hata pakavu, ili dada yake asikie. Yule mwenye mparachichi akaanza kuweka mkanda wake mwenyewe tayari. Bibi Tusekile macho yakaisha kabisa, lakini yalikuwa yameshafanya kazi yao.

Bibi Subilaga alikufa kiangazi, usingizini, Ibighi. Njia ya kwao juu ilikuwa kavu, na halmashauri ilikuwa imepitisha greda. Hata teksi ingefika. Ambakisye alipita gereji asubuhi, tukaliosha gari pamoja, tukapima oili, tukakagua kila boliti. Tukaenda nalo msibani. Lilikuwa zuri siku ile. Ndipo kaka zake wa ukoo wakamwita pembeni. Bibi Subilaga alikuwa ameacha neno kwao na kwa wamama wa kanisa: gari lile ameshalipanda, akiwa hai na anaona. Jeneza lipelekwe na lori la kawaida, lisimame kabla ya mteremko wa mtoni, na kutoka hapo abebwe na watu. Na mwanawe awe mbele.

Ambakisye alikasirika. Alisimama na ufunguo mkononi akisema mama hawezi kumfanyia hivi. Nikamwambia, "Nipe ufunguo, wewe nenda." Akanipa.

Basi wale wakabeba jeneza, na mimi nikaendesha Landrova nyuma yao ikiwa tupu, ila si tupu kabisa. Mbele, upande wa abiria, nilikuwa na Bibi Tusekile, ambaye uzee na macho vyote vilimkatalia kutembea. Niliweka gia ya chini kabisa, ile nzito, magurudumu yote manne. Gari likatambaa.

"Nieleze unachoona," akaniambia.

Nikamweleza. Nikamwambia watu ni wengi, wamama wamevaa sare, Ambakisye yuko mbele kulia, amevua koti. Tukafika kwenye mteremko ule wa mtoni. Palikuwa pakavu, na lile shamba la magimbi lilikuwa pale pale chini. Ambakisye akasimama. Wote wakasimama, kwaya ikanyamaza, nami nikakanyaga breki.

"Kumetokea nini?"

"Wamesimama, Mama. Ambakisye anatazama chini."

"Yuko peke yake mbele?"

"Hapana. Wako watatu pamoja naye."

Nikaona Ambakisye akisogeza mguu mmoja, akaukanyagisha, akaujaribu. Halafu wa pili. Wengine wakafuata mwendo wake. Nikamwambia Bibi Tusekile wanashuka sasa. Nikamwambia wamefika katikati. Nikamwambia wamevuka mto na wanapanda.

Akatoa pumzi, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu ulioshika gia.

"Usiwapite, mwanangu."

"Kwa gia hii, Mama, siwezi kumpita mtu."

"Vizuri," akasema. "Basi mlilitengeneza vizuri."